Namna ya Kuandaa Nyaraka za Kikao cha Kwanza na Wakili wa Ufilisi

Mtu aliyelemewa na madeni hufika kwa wakili akiwa na maelezo mengi na karatasi chache. Maelezo yana nafasi yake, lakini shauri la ufilisi husimama juu ya majina, kiasi na tarehe, na vitu hivyo vitatu vimo katika karatasi ambazo wengi wetu huzisukuma nyuma ya kabati au hatuzifungui kabisa. Wakili anayekutana nawe kwa mara ya kwanza anataka kujua mambo manne: unadaiwa na nani, una mali gani, unaingiza na kutumia kiasi gani, na katika miezi au miaka ya karibuni umefanya nini na fedha na mali zako. Kila hati itakayotajwa hapa chini inajibu mojawapo ya maswali hayo. Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo nitalirejea kwa kirefu.

Kabla hata ya kugusa karatasi, shika kanuni moja: kusanya, usirekebishe. Kati ya siku unayoamua kumwona wakili na siku unayoketi mbele yake, usihamishe umiliki wa gari, usimlipe ndugu mmoja ukawaacha wadai wengine, usitoe akiba ya pensheni ili kuziba deni la benki, wala usichukue mkopo mpya ukijua huna njia ya kuulipa. Hali yako iache kama ilivyo. Kazi yako kwa sasa ni kuionyesha tu.

Anza na bahasha

Tafuta meza kubwa au sakafu safi, kisha kusanya kila barua inayohusu fedha: zilizofunguliwa, zisizofunguliwa, zilizo kwenye mkoba wa kazini, zilizosahauliwa ndani ya gari, pamoja na zile zilizokujia kwa baruapepe au kwa ujumbe wa simu. Fungua zote. Ni kazi inayouma, na ni afadhali uifanye pamoja na mtu unayemwamini kuliko kuiahirisha, maana mara nyingi bahasha isiyofunguliwa ndiyo iliyobeba tarehe ya mwisho ya kujibu madai mahakamani.

Usizipange kwa kufuata siku zilipofika. Zipange kwa mdai, kila mdai na rundo lake, barua mpya ikiwa juu na ya zamani chini. Ukimaliza, huenda ukagundua kwamba marundo mawili ni ya deni moja. Chukulia deni la kadi ya mkopo. Barua ya kwanza imetoka benki, inataja akaunti inayoishia na tarakimu 4417 na salio la 820,000. Miezi saba baadaye inakuja barua yenye nembo ya kampuni ya kukusanya madeni usiyoijua, inadai 1,046,300, na namba ya kumbukumbu iliyo juu kulia haifanani hata kidogo na ile ya benki. Lakini ukishuka hadi chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo, unakuta maneno "mdai wa awali" yakifuatwa na jina la benki ile ile na tarakimu zile zile 4417. Deni ni moja, ila limeuzwa au limekabidhiwa kwa wakusanyaji, na zile 226,300 zilizoongezeka ni riba, adhabu za kuchelewa na gharama ambazo wakili atataka kuzikagua. Yabane marundo hayo mawili pamoja, wala usiitupe barua ya zamani eti kwa sababu kuna mpya, kwa kuwa wakili anahitaji kujua ni nani anayemiliki deni leo na ni nani alilimiliki jana, na pengine atawapelekea wote wawili taarifa.

Kwa kila hati iliyotoka mahakamani, hifadhi bahasha yake pia. Bandika juu yake kikaratasi ulichoandika siku uliyoipokea na namna ilivyokufikia, kwa sababu muda wa kujibu mara nyingi huhesabiwa kuanzia siku ya kupokea wito, na siku hiyo haiandikwi mahali pengine popote isipokuwa katika kumbukumbu za aliyeuleta. Usiandike chochote juu ya hati yenyewe.

Orodha ya madeni

Kutokana na marundo hayo, tengeneza orodha moja, kwa mkono au kwa kompyuta, yenye safu hizi: jina na anwani ya mdai, namba ya akaunti, kiasi kinachodaiwa na tarehe ya kiasi hicho, deni lilianza lini na kwa ajili gani, lina dhamana au halina, kuna mdhamini au mkopaji mwenza au hakuna, na limefika mahakamani au bado. Pale usipokuwa na hakika ya kiasi, andika makadirio na uweke alama ya kuulizia kando yake. Makadirio yaliyokiriwa kuwa makadirio hayana madhara. Yenye madhara ni namba iliyobuniwa na kuandikwa kana kwamba imetoka benki.

Orodha iwe kamili hata pale inapotia aibu. Deni la shangazi, mkopo uliochukuliwa kupitia simu, fedha za mwajiri zinazokatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, kodi ya nyumba ya miezi uliyohama bila kulipa, bili ya hospitali, na hata deni unaloamini si halali, yote yaingie. Kuliandika deni si kukiri kwamba unadaiwa, kwa kuwa wakili anaweza kuliwasilisha kama deni linalobishaniwa. Kuliacha nje ndiko kunakogharimu: nchini Marekani, kwa mfano, deni ambalo halikuorodheshwa na ambalo mdai wake hakupata habari za shauri kwa wakati linaweza kubaki shingoni mwa mdaiwa hata baada ya mengine kufutwa.

Ili kuziba mianya ya kumbukumbu, omba ripoti ya mikopo kutoka kwenye taasisi inayotunza taarifa za wakopaji katika nchi yako. Ripoti hiyo ina faida kubwa, lakini usiifanye kuwa orodha yenyewe. Haionyeshi deni la jirani wala la duka lililokukopesha kwa daftari, mara nyingine imechelewa miezi kadhaa, na inaweza kutaja mkopo uliokwisha kulipwa. Ilinganishe na marundo yako, mstari kwa mstari, na kila tofauti iandike kwenye karatasi ya pembeni.

Madeni yenye dhamana yatenge kwenye jalada lake. Hapa barua ya ukumbusho haitoshi; wakili anataka mkataba wa mkopo wenyewe, hati ya rehani, na karatasi inayoonyesha malimbikizo, kwa kuwa ndani ya mkataba ndimo mnamosemwa ni mali ipi hasa iliyofungwa na deni. Watu wengi husema "gari ni dhamana" kumbe mkataba umetaja pia vifaa vya kazi, au husema mkopo hauna dhamana kumbe walitia sahihi kipengele kinachoifunga akiba yao katika chama cha ushirika kilichowakopesha. Kama kuna aliyekudhamini, lete nakala ya hati aliyoitia sahihi na anwani yake ya sasa, maana kwa kawaida kufutiwa wewe hakumfutii yeye, na atahitaji kuambiwa mapema.

Yapo pia madeni ambayo ufilisi haukusudiwi kuyaondoa. Nchini Marekani na Uingereza, matunzo ya watoto na faini za makosa ya jinai hubaki, mikopo ya elimu huwa migumu mno kufutwa au haifutiki kabisa, na kwa Marekani madeni ya kodi yana masharti yake yanayotegemea aina ya kodi na umri wa deni. Sheria ya nchi yako inaweza kuchora mstari mahali pengine. Basi amri za matunzo, hukumu ya talaka, barua za mamlaka ya kodi na mikataba ya mikopo ya masomo ziwekwe pamoja, ili wakili aweze kukueleza tangu siku ya kwanza ni sehemu gani ya mzigo itakayoondoka na ipi itakayobaki.

Karatasi ambazo hazisubiri kikao

Kuna hati chache ambazo hutakiwi kukaa nazo hadi siku ya miadi. Ukiwa na wito wenye tarehe ya kufika mahakamani, notisi ya kuuzwa kwa nyumba, barua ya dalali inayotaja siku ya mnada, amri ya kukata mshahara au notisi ya kuondolewa kwenye nyumba ya kupanga, iseme tarehe hiyo unapopiga simu kuomba miadi, na upeleke nakala siku hiyo hiyo. Katika nchi nyingi hatua ya ufilisi inaweza kusimamisha ukusanyaji wa madeni; Marekani, zuio hilo huanza papo hapo pindi ombi linapowasilishwa mahakamani, na huwagusa karibu wadai wote. Lakini zuio linalokuja asubuhi baada ya mnada limekuja kuikuta nyumba ina mwenyewe mwingine. Wakili aliyeambiwa wiki mbili kabla anazo njia kadhaa mkononi, na aliyeambiwa siku ya kikao, saa chache kabla ya nyundo kugonga, huenda amebakiwa na moja tu.

Kipato

Wenye mshahara wana kazi nyepesi. Chukua hati za malipo ya mshahara za miezi 6 iliyopita, mkataba wa ajira, na ritani za kodi za miaka 2 au 3. Vipimo hivi havikutungwa ovyo: Marekani, sheria inadai mdaiwa awasilishe uthibitisho wa malipo aliyoyapata kutoka kwa mwajiri katika siku 60 kabla ya kufungua shauri, na kipimo cha kuamua kama mtu anastahili ufilisi wa kufutiwa madeni moja kwa moja hutumia wastani wa kipato cha miezi 6. Hata pale ambapo sheria haisemi hivyo, miezi 6 humwonyesha wakili kama mshahara wako umetulia, umeshuka, au ulipanda mara moja tu kwa sababu ya malipo ya ziada ambayo hayatajirudia.

Asiye na mshahara aandae daftari la mauzo, ankara alizotoa, stakabadhi za manunuzi, na taarifa za akaunti ambamo wateja humlipa. Kama hukuwa na daftari, usilitunge sasa kwa wino mmoja na mwandiko wa usiku mmoja. Andika juu ya karatasi safi, "Muhtasari uliotayarishwa kutokana na miamala ya benki", kisha uorodheshe mwezi kwa mwezi kilichoingia na kilichotoka. Wakili ataelewa, na anayekagua baadaye hatakuwa na sababu ya kudhani kwamba umeghushi.

Taja pia vipato vinavyosahaulika kwa kuwa havina hati: pango la chumba unachokodisha, fedha anazotuma mtoto aliye ughaibuni, pensheni, malipo ya ulemavu, na mchango wa mwenzi katika matumizi ya nyumba. Mwenzi wako anaweza kuwa hadaiwi hata senti, na bado hati zake za kipato zikahitajika kwa sababu hesabu hufanywa kwa kaya nzima.

Taarifa za benki, na namna ya kuzisoma kabla ya wakili

Omba taarifa za miezi 12 za kila akaunti yenye jina lako, ikiwemo ile uliyoiacha na salio la sifuri, ile ya pamoja na mzazi mzee unayemsaidia kulipa bili, na ile ya fedha za simu. Ziwe taarifa kamili zenye kurasa zote. Picha ya kioo cha simu inayoonyesha salio haina faida kubwa, kwa sababu salio ni matokeo, na wakili anatafuta mwendo.

Kisha fanya kitu ambacho wachache hukifanya, nacho ndicho kinachookoa muda mwingi zaidi wa kikao: toa nakala ya taarifa hizo, chukua penseli, uzisome mwenyewe kama mtu asiyekujua. Zungushia kila muamala mkubwa kuliko kawaida yako, kila uhamisho kwenda kwa mtu wa familia, na kila fedha taslimu iliyotolewa kwa mkupuo. Kando yake andika maelezo mafupi. Tuseme mstari unasema: 14 Machi, kutoa taslimu, 350,000. Kwako ni jambo la wazi, kwa sababu unakumbuka uliilipa hospitali alikolazwa mama. Kwa msimamizi wa ufilisi, ambaye kazi yake ni kutafuta mali kwa niaba ya wadai, mstari huo unaweza kuwa fedha iliyofichwa, kamari, au malipo kwa mdai mmoja kwa kificho. Penseli inaandika: "Hospitali, upasuaji wa mama, stakabadhi ipo ukurasa wa 9." Swali limekufa kabla ya kuulizwa. Na pale usipokumbuka fedha ilikwenda wapi, andika hivyo hivyo, "sikumbuki", bila kubuni.

Utakapofika kwenye miamala ya kamari, safari au manunuzi ya anasa, utashawishika kuleta taarifa ya akaunti nyingine tu. Usifanye hivyo. Akaunti huacha alama kwenye akaunti zenzake, na fedha iliyotoka huku lazima ionekane ikiingia kule. Zaidi ya hayo, wakili amekwisha kuona mambo mazito kuliko ya kwako, naye analindwa na wajibu wa kutunza siri ya mteja. Wakili akiyagundua katikati ya shauri, atakayeumia ni wewe.

Mali

Kwa nyumba au ardhi, lete hati ya umiliki, mkataba wa mauziano, taarifa ya karibuni ya salio la rehani, bima, na stakabadhi za kodi ya ardhi. Kwa gari, kadi ya usajili na mkataba wa mkopo kama upo. Kwa vingine vyote, orodha fupi ya chumba kwa chumba inatosha. Hakuna anayehitaji idadi ya vijiko. Thamani iandikwe kwa bei ambayo kitu kingeuzwa leo kikiwa katika hali yake ya leo. Bei uliyonunulia miaka mitano iliyopita haisaidii, na bei unayoitamani haisaidii zaidi.

Mahali panapohitaji uangalifu ni kwenye mali isiyoshikika. Haki ya kulipwa nayo ni mali: fidia ya ajali unayoidai, marejesho ya kodi yanayosubiriwa, deni unalomdai mtu mwingine, fungu lako katika mirathi ambayo haijagawanywa, malimbikizo ya mshahara, hisa, sarafu za kidijiti, na bima ya maisha yenye thamani ya kurejeshewa. Watu huziacha nje kwa sababu bado hazijafika mfukoni, kisha shauri la fidia linapokwisha, fedha zote zinaingia kwenye mabishano kuhusu kwa nini hazikutajwa. Taarifa za mfuko wa pensheni zilete pia, tena kwa sababu nyingine: katika nchi nyingi akiba ya uzeeni ina kinga fulani dhidi ya wadai, na aliyeitoa ili alipe madeni ambayo yangefutwa amejivua nguo mwenyewe.

Taja waziwazi vitu viwili vinavyochanganya watu. Cha kwanza ni mali iliyo kwa jina lako lakini si yako, kama gari la mdogo wako uliloliandikisha kwa sababu yeye hakuwa na kitambulisho wakati ule. Cha pili ni kinyume chake, mali yako iliyo kwa jina la mtu mwingine. Vyote viwili vinahitaji ushahidi wa nani alilipa, hivyo tafuta stakabadhi za malipo ya ununuzi.

Ulichofanya kabla ya kufika

Tumefika kwenye lile swali la nne. Sheria za ufilisi hutazama nyuma. Msimamizi huruhusiwa kuchunguza, na katika mazingira fulani kutengua, malipo na uhamisho wa mali uliofanyika kabla ya shauri kufunguliwa, ili mdai mmoja asipendelewe na mali isitoroshwe. Marekani, malipo kwa mdai wa kawaida hutazamwa kwa siku 90 zilizopita, na kwa ndugu au mshirika wa karibu kwa mwaka 1. Uhamisho wa mali kwa hila au kwa thamani isiyotosha hutazamwa kwa miaka 2 chini ya sheria ya shirikisho, na sheria za majimbo zinaweza kwenda mbali zaidi. Uingereza, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1986, mtu binafsi aliyempendelea mdai huangaliwa kwa miezi 6, au miaka 2 ikiwa mdai huyo ni mtu wake wa karibu, na mali iliyotolewa bure au kwa bei ya chini ya thamani yake huweza kufuatwa hadi miaka 5 nyuma. Nchi yako ina vipindi vyake, na kwa kuwa huvijui kwa hakika kabla ya kikao, chukua miaka 5 kuwa kipimo chako.

Andika kwenye ukurasa mmoja, kwa mpangilio wa tarehe, kila kitu kikubwa ulichouza, ulichotoa zawadi, ulichohamisha umiliki wake, na kila mkupuo mkubwa uliomlipa ndugu, rafiki au mshirika wa biashara. Kwa kila kimoja ambatisha mkataba au stakabadhi. Kama dada alikukopesha na ukamrudishia fedha zake zote miezi minne iliyopita kwa sababu alikuwa na shida, andika hivyo. Huenda wakili akakushauri kusubiri muda fulani kabla ya kufungua shauri, au akatafuta njia nyingine, lakini ushauri huo hauwezekani akiwa hajui. Tena usijaribu kulitengua mwenyewe kwa kumwomba dada azirudishe kimyakimya. Marekebisho ya namna hiyo hugeuza jambo linaloelezeka kuwa jambo la kutiliwa shaka, na kuficha mali kwa makusudi katika shauri la ufilisi ni kosa la jinai. Marekani adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5.

Kama umewahi kufilisika huko nyuma, lete karatasi za shauri lile hata kama ni la zamani, kwa sababu baadhi ya sheria huweka muda kati ya ufilisi mmoja na mwingine. Marekani, aliyefutiwa madeni kwa utaratibu wa kuuza mali husubiri miaka 8 kabla ya kufutiwa tena kwa utaratibu huo huo. Mwenye kampuni, naye atenganishe jalada la kampuni na la kwake binafsi, huku akichunguza ni mikopo ipi ya kampuni aliyoitia sahihi kama mdhamini, maana hiyo inaingia pia kwenye orodha yake mwenyewe.

Matumizi, vitambulisho na mengineyo

Bajeti ya mwezi iandikwe kwa ukweli: pango, chakula, usafiri, ada za shule, dawa, matunzo. Ishushwe isishushwe, wakili ataipima kwa taarifa za benki. Ongeza kitambulisho au pasipoti, cheti cha ndoa au hukumu ya talaka, na uthibitisho wa majina mengine uliyowahi kuyatumia, kwa sababu deni la zamani linaweza kuwa limeandikwa kwa jina la kabla ya ndoa.

Kupanga na kusafirisha

Toa nakala za kila kitu. Hati halisi zibaki kwako isipokuwa wakili aombe kuziona, na hata hapo utake uandikishiane naye unapomwachia. Majalada matano yanatosha: madeni, mahakama, kipato na matumizi, mali, na miamala ya nyuma. Juu ya yote weka karatasi moja yenye jina lako, jumla ya madeni, kipato cha mwezi, mali kubwa, na tarehe zote za hatari kwa wino mwekundu.

Ukituma kwa njia ya kielektroniki, taja kila faili kwa maneno yanayoeleweka, kwa mfano "benki_akaunti4417_januari_hadi_juni", badala ya kutuma picha 60 zilizopigwa kwa simu zikiwa na majina ya namba. Uliza ofisi inapendelea njia gani iliyo salama, na usiwahi kutuma nywila ya akaunti ya benki kwa mtu yeyote, awe karani au wakili. Tahadhari nyingine ndogo: ukitaka kuandamana na rafiki, muulize wakili kwanza, kwa kuwa kuwapo kwa mtu wa tatu kunaweza kuathiri kinga ya mazungumzo yenu.

Hati zikikosekana, usiahirishe kikao. Andika kwenye karatasi nini hakipo, umekiomba wapi na lini, na kimeahidiwa lini. Benki huweza kutoa nakala za taarifa za zamani, mwajiri hutoa hati za mshahara upya, na masijala ya mahakama hutoa nakala ya jalada la shauri kwa ada. Barua ya maombi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa nayo ni hati, ibebe.

Wakati wa kikao

Andaa maswali machache yaliyoandikwa. Langu la kwanza lingekuwa kama ufilisi unahitajika kweli, au kuna makubaliano na wadai, mpango wa kulipa kwa awamu au utetezi dhidi ya madai fulani unaoweza kutosha. La pili ni gharama zote, ada ya wakili na ada za mahakama, na zinalipwa lini. La tatu ni nini usikifanye kuanzia siku hiyo. Maneno ya wakili yaandike pale pale, kwa sababu mtu aliyejaa wasiwasi husikia nusu na kukumbuka robo.

Kabla hujainuka, omba orodha ya hati zinazobaki na siku ya mwisho ya kuzileta. Kumbuka kwamba fomu utakazotia sahihi baadaye huwa ni tamko la kisheria, mara nyingi chini ya kiapo, na namba zilizomo zitakuwa zimetoka kwenye karatasi zako. Kosa uliloliona baada ya kikao lipeleke kwa maandishi mara moja.

Na wadai hawataacha kuandika kwa sababu umemwona wakili. Barua itakayofika kesho yake ifungue siku hiyo hiyo, andika tarehe uliyoipokea kwenye kikaratasi, piga nakala, iweke juu ya rundo la mdai wake, kisha ipeleke ofisini kwa wakili kabla ya wiki kwisha, au siku hiyo hiyo ikiwa imetoka mahakamani.